Shekhar Mehta: gia za mkono mbele ya Mercedes ya otomatiki

Swali linalopigiwa simu nyingi na wasikilizaji wetu wa Butimba, Mkuyuni na Nyegezi si la siasa wala la mpira. Ni la gari. Mtu amekusanya fedha zake za dagaa, za duka au za mkopo wa kikundi, amefika mahali pa kuagiza gari, na sasa anauliza achukue la gia za mkono au la otomatiki. Fundi wa gereji amemwambia hivi, shemeji yake amemwambia vile, na jirani mwenye gari la otomatiki amemwambia kwamba gia za mkono ni mambo ya zamani.

Tumeona badala ya kuongeza maoni juu ya maoni, tuandike maisha ya mtu ambaye swali hilo lilijibiwa mbele yake barabarani, kwenye tope la Afrika Mashariki, huku dunia ikitazama. Anaitwa Shekhar Mehta. Vijana wengi hawamjui. Wazee waliokuwa na redio miaka ya 1970 na 1980 ukiwatajia jina hilo, wanakumbuka Pasaka.

Mehta alizaliwa tarehe 20 Juni 1945 nchini Uganda, ng'ambo ya ziwa letu hili hili. Familia yake ilikuwa ya Wahindi wenye mashamba makubwa, watu ambao Uganda ilikuwa ndiyo nyumbani. Hakukulia shida, na hilo halina haja ya kufichwa: mashindano ya magari yalikuwa, na bado ni, mchezo wa wenye nafasi. Alipofikisha miaka 21 alianza kushindana akiwa na BMW. Lakini fedha ya familia hununua gari tu. Haimfundishi mtu kusoma barabara ya udongo mwekundu baada ya mvua ya usiku kucha, na huko ndiko Mehta alikoonekana kuwa na kipaji.

Shindano kubwa la wakati huo lilikuwa Safari. Lilianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, likipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 likaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Lilifanyika wakati wa Pasaka, maana yake katikati ya masika, na waandaaji walitaka iwe hivyo. Mvua ilikuwa sehemu ya mtihani. Barabara hazikufungwa: dereva wa mashindano alikutana na lori la mkaa, kundi la ng'ombe na mama mwenye ndoo kichwani kama dereva mwingine yeyote. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Mwaka 1968 yakawa 7 tena, kati ya 93 yaliyoanza.

Na sisi Watanzania tulikuwa na sehemu yetu. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiwa na Peugeot 404. Wapo wanaosema ndiyo sababu Peugeot ilipata heshima ile barabarani kwetu, hata ikawa teksi na gari la wakubwa.

Mwaka 1971 Mehta alishika nafasi ya 2 akiwa na Datsun 240Z, nyuma ya Edgar Herrmann aliyekuwa na gari la aina hiyo hiyo. Alikuwa na miaka 25. Kila aliyetazama aliona kwamba ushindi wake ulikuwa unakuja.

Kabla haujaja, kikaja kitu kingine. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Makumi ya maelfu ya watu walifunga maisha yao kwenye masanduku. Mwalimu Nyerere alilikemea jambo hilo waziwazi na kuliita ubaguzi wa rangi. Familia ya Mehta ilikuwa miongoni mwa waliopoteza nchi. Yeye akahamia Kenya, na tangu hapo majedwali ya mashindano yakaanza kumwandika kama Mkenya.

Miezi michache tu baadaye, Pasaka ya 1973, alirudi kwenye Safari na Datsun 240Z, msoma ramani wake akiwa Lofty Drews. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa mashindano ya rali ya dunia kwa watengenezaji wa magari, na Safari ilikuwa ndani yake. Mwisho wa safari hesabu ikaleta kizaazaa: Mehta na Harry Källström wa Sweden, naye akiwa kwenye Datsun, walikuwa wamepoteza pointi sawasawa. Ikabidi kanuni iamue. Kanuni iliangalia nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kuanza kupoteza pointi, na huyo alikuwa Mehta. Mtu aliyekuwa hana nchi mwaka uliopita akawa bingwa wa Safari kwa tofauti ambayo haikuonekana hata kwenye saa.

Baada ya hapo miaka mitano ilipita bila ushindi mwingine. Joginder Singh wa Kenya alishinda 1974 na 1976, Ove Andersson 1975, Björn Waldegård 1977, Jean-Pierre Nicolas 1978. Njia nayo ilikuwa imebadilika. Uhusiano wa nchi zetu tatu ulikuwa umeharibika, jumuiya ya zamani ikavunjika mwaka 1977, na Safari ikabaki ndani ya Kenya peke yake.

Hapa ndipo linapoingia swali la wasikilizaji wetu, kwa sababu mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya Mercedes-Benz ya Ujerumani iliamua kuitafuta Safari kwa nguvu zote. Ilileta gari lililoitwa 450 SLC 5.0: milango miwili, injini ya silinda 8 yenye lita 5, zito, pana, na la otomatiki. Ndiyo, otomatiki, kwenye mashindano. Wengi waliona ni kichekesho. Otomatiki wakati huo ilijulikana kama gari la mkurugenzi anayekwenda ofisini.

Tusimame kidogo tueleze tofauti, maana bila hiyo ushindani wenyewe hautaeleweka.

Katika gari la gia za mkono, injini na giaboksi vinaunganishwa na klachi. Klachi ni sahani inayobanwa kwa nguvu dhidi ya gurudumu zito la injini. Ukikanyaga pedali, sahani inaachia; ukiinua mguu, inashika, na kuanzia hapo chuma kimeshikana na chuma. Nguvu yote inafika kwenye tairi bila kupotea njiani. Lakini na mshtuko wote unarudi. Tairi likidumbukia kwenye shimo huku umekanyaga mafuta, pigo lile linapita kwenye shafti, linaingia kwenye giaboksi, linafika mpaka kwenye injini. Dereva asiyejua huvunja meno ya gia au huunguza klachi.

Katika otomatiki ya kawaida, kati ya injini na giaboksi kuna kitu mfano wa bakuli lililofungwa, limejaa mafuta. Ndani yake kuna mapanga yanayozungushwa na injini, na mapanga mengine yanayoelekea kwenye gia. Upande mmoja unasukuma mafuta, mafuta yanasukuma upande wa pili. Hakuna chuma kinachogusa chuma pale katikati. Ndiyo maana unaweza kusimama kwenye mataa gari likiwa kwenye D na injini haizimi. Na ndiyo maana mshtuko wa shimo ukifika pale unapoozwa na mafuta. Kwa dereva wa rali kuna faida nyingine: mikono yote miwili inabaki kwenye usukani, na mguu wa kushoto uko huru kwa breki.

Gharama yake ni joto. Mafuta yale yanapokorogwa sana bila gari kwenda, kama vile limenasa kwenye tope na tairi linazunguka bure, yanachemka, yanaungua, na yakishaungua giaboksi nzima iko hatarini. Tena nguvu kidogo hupotea mle ndani ya bakuli, ingawa magari ya siku hizi yana kifaa cha kufunga pande zile mbili pamoja mwendo ukishakaa sawa.

Kwa hiyo wahandisi wa Mercedes hawakuwa wajinga. Walichoona ni kwamba kwenye safari ya takriban kilomita 5,000 za mashimo, gari linalopooza mishtuko lina nafasi ya kufika. Wakamweka kwenye usukani Hannu Mikkola wa Finland, mtu aliyeijua Safari vizuri: mwaka 1972 alikuwa ameishinda akiwa na Ford Escort, dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kufanya hivyo.

Upande wa pili alikuwa Mehta, sasa na Datsun 160J. Injini yake ilikuwa ya silinda 4, karibu lita 2. Gia za mkono. Gari ambalo kwa sura ungelidhani ni la mwalimu mkuu. Msoma ramani wake alikuwa Mike Doughty.

Sasa tunaomba msomaji aangalie tarehe. Kampala ilianguka mikononi mwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Idi Amin akakimbia. Sisi tunaoandika hatukuwa tumezaliwa, lakini hakuna mtoto wa Mwanza aliyekua bila kusikia habari za vita ile, kwa sababu iligusa mpaka hapa: ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, ilidondosha mabomu yaliyoangukia Saanane na kuua wanyama wa watu. Magari ya Safari yalipeperushiwa bendera Nairobi tarehe 12 Aprili, siku moja baada ya Kampala kuanguka. Mtu aliyefukuzwa na Amin aliondoka kwenye mstari wa kuanzia akijua kwamba Amin naye hana tena nchi.

Hatutaki kujifanya tunajua alichokuwa akiwaza. Tunajua alichofanya. Siku nne baadaye, Jumatatu ya Pasaka, alikuwa wa kwanza. Mikkola na Mercedes yake ya otomatiki alikuwa wa 2.

Mtu wa haraka atasema basi, swali limekwisha, gia za mkono ndizo. Sisi tunaona matokeo yale yanasema zaidi ya hapo. Gari zito la otomatiki, ambalo wengi walilicheka, lilimaliza la 2 katika shindano gumu kuliko yote Afrika, likiacha nyuma makumi ya magari ya gia za mkono. Desemba mwaka huo huo Mercedes ilikwenda Ivory Coast, kwenye rali ya Bandama, ikachukua nafasi ya 1, ya 2, ya 3 na ya 4, Mikkola akiwa mshindi. Kwa hiyo hoja kwamba otomatiki haiwezi barabara mbaya ilikufa mwaka 1979, na inashangaza kwamba kwenye gereji zetu bado inatembea.

Halafu kuna jambo la Rauno Aaltonen. Huyu alikuwa Mfini mwingine, dereva hodari, na alikuwa timu moja na Mehta kwenye Datsun, gari la aina ile ile, gia zile zile za mkono, mafundi wale wale. Mwaka 1980 Mehta alikuwa wa 1, Aaltonen wa 2, na Mercedes ikashika nafasi ya 3 ikiendeshwa na Mkenya Vic Preston Mdogo. Mwaka 1981 Mehta tena wa 1, Aaltonen tena wa 2. Aaltonen alijaribu Safari mara nyingi katika maisha yake na hakuwahi kuishinda. Kama giaboksi ndiyo iliyokuwa inashinda, yeye angekuwa na vikombe vyake.

Alichokuwa nacho Mehta ni kile ambacho madereva wa malori wa kanda hii wanakiita huruma ya gari. Alisifika kwa kutolichosha gari mapema. Alijua mahali pa kukimbia na mahali pa kuvuka taratibu kama mtu aliyebeba mayai, na kwenye gia za mkono hilo ni jambo la mguu wa kushoto na mkono: kushusha gia kabla ya mteremko na si katikati yake, kuachia klachi taratibu tairi linapotoka kwenye shimo, kutoacha mguu umelala juu ya pedali. Na gari dogo jepesi likinasa, watu sita wanalisukuma likatoka. Mercedes ile ikinasa, mafuta ya giaboksi yanaanza kuchemka huku mkiita watu.

Mercedes ilijiondoa kwenye rali mwishoni mwa 1980. Mehta akaendelea. Mwaka 1982, akiwa na Datsun Violet GT, alishinda kwa mara ya nne mfululizo, mbele ya Walter Röhrl wa Ujerumani, ambaye mwaka huo alitwaa ubingwa wa dunia. Ushindi wa tano kwa jumla. Katika miaka ambayo Safari imekuwa ndani ya mashindano ya dunia, hakuna dereva mwingine aliyefikisha 5.

Turudi kidogo Butimba, kwa sababu muulizaji wetu bado anasubiri na fedha yake mkononi.

Daladala zetu za Hiace na malori yanayokwenda Sengerema na Geita kwa sehemu kubwa ni ya gia za mkono, na kuna sababu: yanabeba mzigo, yanapanda na kushuka siku nzima, na klachi ikiisha fundi wa jirani anaifungua mchana na jioni gari linarudi barabarani. Betri ikifa, abiria wanashuka wanasukuma, linawaka. Otomatiki husukumi ikawaka. Tena likiharibika usikubali livutwe kwa kamba mwendo mrefu tairi zake za kuendeshea zikiwa chini, kwa kuwa katika nyingi pampu inayozungusha mafuta ya giaboksi hufanya kazi injini ikiwa inawaka tu. Utalifikisha gereji na ugonjwa mwingine.

Kwa mtu wa mizunguko ya mjini, wa kwenda kazini, kupeleka watoto shule na kusimama kwenye foleni ya Mkuyuni, otomatiki inampumzisha, na magari madogo mengi yanayoagizwa kutoka Japani ni hayo. Shida tunayoiona ni ya mazoea. Mtu anashuka kutoka vilima vyetu vya mawe akiwa kwenye D moja kwa moja, mguu juu ya breki tangu juu mpaka chini, mpaka breki zinanuka. Wakati kwenye magari mengi, pembeni ya ile D, kuna namba 2 na herufi L, zilizowekwa hasa kwa ajili ya mteremko, ili injini isaidie kulizuia gari. Pia mafuta ya giaboksi: wapo wanaoambiwa ni ya maisha, hayabadilishwi. Mafuta yanayopata joto huchoka. Fuata kitabu cha gari, na aina ya mafuta iliyoandikwa humo usiibadilishe kwa sababu duka limeishiwa.

Mehta mwenyewe aliendelea kushindana miaka mitano baada ya ushindi wake wa mwisho wa Safari, mara nyingine mkewe Yvonne akiwa msoma ramani wake. Mwaka 1987, katika rali ya Mafarao huko Misri, alipata ajali mbaya jangwani. Aliumia sana, na maisha ya usukani yakaishia hapo.

Baada ya kupona akaingia kwenye uongozi wa mchezo, ndani ya shirikisho la kimataifa la magari, FIA, akafika kuiongoza kamisheni ya rali ya dunia. Kazi hiyo ilikuwa na uchungu wake. Rali zilikuwa zinafupishwa, barabara zinafungwa, televisheni inataka kila kitu kiishe kabla ya taarifa ya habari, na Safari ya barabara wazi na siku nyingi haikuingia tena kwenye mpango huo. Baada ya 2002 Safari ikaondolewa kwenye mashindano ya dunia, na ikaondolewa wakati mtu aliyeishinda kuliko wote alikuwa mezani. Ilirudi mwaka 2021, ikiwa fupi zaidi, makao yake Naivasha. Yeye hakuiona ikirudi.

Shekhar Mehta alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60. Ilikuwa juma la Pasaka, na tarehe ile ile aliyoondoka Nairobi mwaka 1979 akiwa na Datsun yake, Mercedes ikiwa kwenye msafara mmoja naye.